Kutenga Sauti na Ala: Neno kwa Watafiti wa Nyimbo za Kericho na Bomet

Mwanafunzi wa fasihi simulizi aliyetumwa kunukuu wimbo kutoka katika kanda anamjua vyema adui wake. Gitaa humeza silabi ya mwisho ya kitenzi, ngoma hulia pale pale ambapo jina la mtu linatajwa, na kiitikio huanza kabla ya kiongozi kufunga mshororo. Kanda hurudishwa nyuma mara kumi, mara ishirini, na mwishowe vitone vitatu huwekwa mahali pa neno lililokataa kusikika. Leo vitone hivyo vinaweza kupunguzwa. Programu za kompyuta za kuhariri sauti, baadhi yake zikiwa za bure, zina uwezo wa kuitenga sauti ya mwimbaji na sauti za ala hata katika rekodi ambayo vyote vilikwisha kuchanganywa. Waama, hili ni jambo la kushukuriwa. Pamoja na shukrani hizo, kuna kishawishi kikubwa kinachopasa kupingwa mapema, kabla hakijawa desturi katika idara za Kiswahili: kishawishi cha kuichukua sauti iliyotengwa, kuiita wimbo, kuinukuu na kuichambua, huku rekodi yenyewe ikiachwa kando kama makapi.

Mfano wa kuipima hoja hii hauna haja ya kutafutwa ng'ambo, kwa maana upo katika nchi ya majani chai. Mnamo mwaka wa 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makao yake Afrika Kusini na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kurekodi muziki wa Afrika, alifika kwa Wakipsigis na mtambo wake. Huko Kapkatet aliwarekodi wasichana, kiongozi wao akitajwa katika kumbukumbu kuwa Chemutoi Ketienya, wakiimba pamoja na chepkong, kinubi cha Wakipsigis kilicho ndugu wa nyatiti ya Waluo. Wimbo huo ndio "Chemirocha", na yamkini ndio unaojulikana zaidi ulimwenguni miongoni mwa maelfu aliyoyarekodi. Leo rekodi hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, taasisi aliyoiasisi mwaka wa 1954 na ambayo tangu 1978 imekuwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Mtafiti wa Bomet asikate tamaa akikosa jina la kwao katika orodha za zamani. Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho hadi mwaka wa 1992, na mambo mengi ya Bomet yameandikwa chini ya jina la Kericho.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye santuri zake zilifika katika vilima hivi pamoja na gramafoni za wageni. Mwanaisimu atalifurahia jina hili. Kikalenjini hakitofautishi kifonimu vipasuo ghuna na visivyo ghuna, kwa hiyo sauti ya "j" ya Jimmie na ile iliyo katikati ya Rodgers zote zimekuwa "ch". Tena jina limepata mwanzo wa "Che", unaolifanya likae bila ugeni miongoni mwa akina Chemutoi na Cherono. Huu ni utohozi uliokamilika, uliofanywa na wanakijiji bila ya kamati wala semina.

Basi tatizo li wapi? Li katika maana. Katika maelezo yake Tracey alimweleza Chemirocha wa wasichana hao kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala, ambaye anahimizwa acheze kwa nguvu hadi mavazi yamtoke. Maelezo hayo yamesafiri kuliko wimbo wenyewe. Kila anayeandika juu ya "Chemirocha" huanza na nusu swala huyo. Lakini je, swala yumo katika maneno ya wasichana, au yumo katika tafsiri aliyopewa Tracey siku hiyo na mtu ambaye naye alikuwa na yake ya kusema? Hili si swali la kupita tu. Likijibiwa kwa njia moja, wasichana wa Kapkatet wanaonekana kuwa washairi waliomchukua mgeni wakamwingiza katika visasili vyao. Likijibiwa kwa njia nyingine, mwenye kutunga kisasili ni msikilizaji mgeni. Jibu halipatikani ila kwa unukuzi wa makini, neno kwa neno, unaofanywa na mtu anayekijua Kikipsigis. Na mnukuzi huyo, kama ilivyo ada, atatamani chepkong inyamaze kidogo.

Hapa ndipo programu inapoingia, na ni vyema ifahamike inafanya nini, kwa sababu wengi huitumia kama mganga anavyotumiwa: dawa inanywewa bila kuulizwa imetengenezwa kwa nini.

Njia ya zamani, ambayo imekuwa katika programu za kawaida kama Audacity tangu miaka mingi, inategemea rekodi kuwa ya stirio. Katika rekodi ya aina hii kuna mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Fundi wa studio aghalabu humweka mwimbaji katikati, yaani sauti yake huwa sawasawa katika mikondo yote miwili, ilhali gitaa moja huvutwa kushoto na jingine kulia. Mkondo mmoja ukigeuzwa, mawimbi yaliyopanda yakashuka na yaliyoshuka yakapanda, kisha ukajumlishwa na wa pili, kila kilichokuwa sawa pande zote hujifuta. Mwimbaji hutoweka. Hii ndiyo njia iliyotumiwa na watu wengi kujitengenezea muziki wa kuimbia harusini.

Msomaji ataona mara moja kwamba njia hiyo inamwondoa mwimbaji, haimtoi. Wapo wanaodhani kwamba ukishapata muziki usio na mwimbaji, kilichobaki ni kuutoa muziki huo katika rekodi nzima ili mwimbaji abaki peke yake. Haiwi hivyo. Tuseme vikapu viwili vya majani chai vimewekwa katika mizani ya pande mbili, kila kimoja kikiwa na kiasi kile kile cha majani mabichi, lakini kimoja kimetiwa jiwe na kingine kimetiwa kuni. Mizani itaonyesha jinsi jiwe linavyozidiana na kuni. Haitaonyesha uzito wa jiwe peke yake, wala wa kuni peke yake, na kwa hiyo haitampa mtu uzito wa majani. Kilichopatikana kwa kugeuza mkondo ni tofauti ya ala za kushoto na ala za kulia, na tofauti si ala zenyewe. Isitoshe, ngoma kubwa na gitaa la besi nazo huwekwa katikati, zikafutika pamoja na mwimbaji. Na mwangwi wa sauti yake, uliosambazwa pande zote mbili, hubaki ukielea kama mzuka. Programu za baadaye zilijaribu kulinganisha mikondo kipande kwa kipande na kukiokoa kilicho katikati, na zilifanikiwa kiasi.

Ila kwa "Chemirocha" mbinu hii yote ni bure. Tracey alirekodi kwa mono. Faili ya rekodi hiyo ikifunguliwa katika kompyuta huenda ikaonekana kuwa na mikondo miwili, lakini ni mkondo mmoja ulionakiliwa mara mbili. Ukigeuza mmoja na kuujumlisha na mwenzake, hutapata chepkong bila wasichana wala wasichana bila chepkong. Utapata kimya. Hali ni hiyo hiyo kwa santuri nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1960, na kwa karibu kila kanda iliyorekodiwa na mwanafunzi nyanjani kwa kinasasauti cha maikrofoni moja. Fauka ya hayo, Tracey alikuwa na mazoea ya kuishika maikrofoni mkononi, akiisogeza kwa kiongozi, kwa waitikiaji au kwa ala kadiri alivyotaka sikio la msikilizaji lielekee. Kwa hiyo uchanganyaji ulifanyika pale pale uwanjani, kwa mkono wa mtu mmoja, na hauwezi kurudishwa nyuma na mtambo wowote.

Njia mpya ni tofauti kabisa. Tangu mwaka wa 2019, zilipotolewa programu za Spleeter ya kampuni ya Deezer na Demucs ya kampuni ya Facebook, kazi ya kutenga sauti imepewa akili mnemba. Kompyuta husomeshwa kwa nyimbo nyingi ambazo sehemu zake zimehifadhiwa mbalimbali, hadi inazoea umbo la sauti ya binadamu na umbo la ala. Kisha, ikipewa mchanganyiko, hukisia kipi ni kipi. Haihitaji mikondo miwili. Hata mono inakubalika. Ulimwengu ulilishuhudia jambo hili mwezi wa Novemba 2023, kundi la Beatles lilipotoa wimbo "Now and Then", ambamo sauti ya John Lennon, aliyeuawa mwaka wa 1980, ilitolewa katika kaseti ya nyumbani ambamo ilikuwa imefunikwa na piano.

Neno la kuzingatiwa ni "hukisia". Mkusanyo unaotumiwa sana na watafiti wa fani hii, MUSDB18, una nyimbo 150 tu, na kila wimbo umegawanywa mafungu manne: sauti ya mwimbaji, ngoma, besi, na "vinginevyo". Nyingi ni nyimbo za bendi za Kizungu. Katika mgawanyo huo chepkong ni kitu gani? Ni "vinginevyo". Na ikiwa programu imefundishwa kutambua gitaa, basi nyuzi za chepkong zitaitwa gitaa, au zitagawanywa, nusu huku nusu kule. Mlio wa nyuzi hizo unakaa karibu na sauti za wasichana. Panapokaribiana sana kompyuta hukata kwa mazoea iliyojifunzia kwa wengine. Kwa Lennon kulikuwa na rekodi za miaka mingi za sauti yake ile ile za kuisomeshea mashine. Kwa wasichana wa Kapkatet kuna dakika chache.

Wakazi wa Kericho na Bomet watalielewa jambo hili bila maelezo marefu, kwa maana mashine ya kuchuma chai wanaijua. Mkono wa mchumaji huchagua majani mawili na chipukizi; mashine hupitisha makali juu ya kichaka na kuchukua kilicho katika kimo hicho, majani magumu na vijiti vikiwemo. Mgogoro wa mashine hizo umewahi kufikia kuchomwa moto, kama ilivyotokea Kericho mwaka wa 2023, na chanzo chake kilikuwa ajira, si ladha ya chai. Hata hivyo tofauti ya mavuno inabaki pale pale.

Katika sauti, vijiti hivyo vina majina ya kifonetiki. Sehemu ya usemi inayoharibika upesi ni konsonanti, hasa zile za mkwaruzo, kwa sababu kwa kompyuta mchakarisho wa "s" au "sh" unafanana na mchakarisho wa kayamba au toazi. Irabu, zilizo na mlio ulio wazi, huokolewa vizuri. Matokeo ni sauti inayopendeza sikioni, laini, lakini yenye ncha zilizosagika. Kwa anayetaka muziki wa kuchezea dansi hilo si kitu. Kwa mnukuzi ni balaa. Katika Kiswahili "chaka", "shaka" na "saka" hutofautiana kwa konsonanti moja tu, na konsonanti zenyewe ndizo hizo zinazosagika. Kikipsigis nacho kina mambo yake ya kulindwa: toni, urefu wa irabu, na upatanifu wa irabu, ambavyo hubeba tofauti za maana na za sarufi. Programu haijui lolote kati ya haya. Itampa mnukuzi neno safi kabisa ambalo halikuimbwa, na usafi huo ndio hatari yenyewe. Mahali palipokuwa na kelele mtu aliweka vitone, sasa ataweka neno, na atakayemsoma hatajua.

Ni haki kukiri kwamba kuna muziki wa eneo hili unaoitii mashine. Mji wa Kericho ulikuwa na duka na studio ya Chandarana, ambako wanamuziki wa lugha nyingi za magharibi mwa Kenya walirekodiwa. Nyimbo za bendi za Kikalenjini, kama za Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilonget, zimejengwa kwa gitaa, besi na ngoma, yaani kwa vitu ambavyo kompyuta imesomeshwa. Mnukuzi wa nyimbo kama hizo atafaidika sana. Lakini hata huko asisahau kwamba katika benga gitaa si pambo. Mwimbaji humaliza mshororo, gitaa likauchukua wimbo na kuujibu, wakati mwingine kwa mkondo ule ule wa toni alioufuata mwimbaji. Ukiondoa gitaa, kimya kinachobaki kati ya mishororo kitaonekana kuwa pumziko, na mchambuzi ataandika kurasa mbili juu ya matumizi ya kimya.

Hapa hoja inatoka katika ufundi na kuingia katika nadharia. Wanafunzi wa fasihi simulizi husomeshwa tangu mwaka wa kwanza kwamba fasihi hiyo ni utendaji. Ruth Finnegan alilisisitiza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, na walimu wamelirudia hadi limekuwa kama sala. Ciarunji Chesaina, aliyechapisha mkusanyo na uchambuzi wa fasihi simulizi ya Wakalenjini mwaka wa 1991, alifanya hivyo akijua kwamba ukurasa hauwezi kubeba yote. Ukurasa haukumdanganya mtu, kwa sababu kila msomaji anaona kwamba ukurasa hauimbi. Faili ya sauti iliyotengwa inaimba. Inadai kuwa ni Chemutoi Ketienya mwenyewe, peke yake, kana kwamba aliwahi kusimama mbele ya Tracey bila wenzake na bila chepkong. Tukio hilo halikutokea. Kuliweka katika maktaba ya idara bila maelezo ni kughushi kumbukumbu, hata kama nia ni njema.

Pana pia suala la mali. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa; kwa kipimo hicho rekodi ya 1950 ilikwisha kutoka katika ulinzi huo. Lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka wa 2016 ikatungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, inayoitambua jamii kuwa mwenye mali na kutaka idhini yake ipatikane kwanza. Rekodi nzima yenye mchakarisho wa miaka ya 1950 si rahisi kuipachika katika tangazo la biashara. Sauti ya msichana iliyosafishwa na kutengwa, yenye sekunde nane tamu, ni rahisi mno. Mwanafunzi anayeitenga kwa ajili ya tasnifu na kuisambaza kwa wenzake huwa ametengeneza malighafi, na hana tena uwezo wa kusema itaishia wapi.

Je, basi programu zitupwe? La hasha. Wanaozikataa kwa jina la usafi wa utamaduni wanasahau kwamba maikrofoni ya Tracey nayo ilikuwa mashine. Kinachotakiwa ni zipewe cheo kinachozistahili, nacho ni cheo cha miwani. Mnukuzi na aanze na rekodi nzima, aandike anachokisikia na kuacha vitone vyake bila aibu. Baadaye afungue nakala iliyotengwa na kuisikiliza mahali penye vitone tu. Neno lililopatikana kwa njia hiyo liandikwe kwa alama ya kulitofautisha, na programu itajwe kwa jina na toleo lake, kwa sababu toleo la mwakani huenda likatoa neno jingine. Wahadhiri nao wasikubali kupokea faili iliyotengwa bila ya rekodi iliyozaliwa nayo. Tasnifu nyingi zina nafasi ya kutosha kwa mistari miwili ya maelezo hayo.

Kisha lipo sikio ambalo halijafikiwa na programu yoyote. Katikati ya miaka ya 2010, maktaba hiyo ya Rhodes, pamoja na shirika la Ketebul Music la Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha rekodi za Tracey katika nchi ya Wakipsigis, wakatafutwa waimbaji waliokuwa hai na jamaa za waliofariki. Kilichorudishwa kilikuwa rekodi nzima, chepkong na yote. Mtu aliyeukulia wimbo hahitaji ala zinyamaze ili asikie neno. Analijua lisikike lisisikike, na anajua pia ni neno gani haliwezi kuwa pale. Swali la nusu swala linaweza kupelekwa kwake likiwa limeandikwa katika karatasi moja. Waliokuwa wasichana mwaka wa 1950, walio hai, wamekwisha kupita umri wa miaka themanini. Matatu ya asubuhi kutoka Kericho mjini hupita Litein na kufika Kapkatet kabla ya saa sita za mchana.